Mshenzi ni Nani? Historia ya Tusi na Nafasi Yake katika Uhakiki wa Fasihi

Utangulizi

Muhula mmoja, katika darasa langu la Kidato cha Tatu, wanafunzi wawili waligombania nakala ya tamthilia. Nakala zilikuwa chache na wasomaji walikuwa wengi. Mmoja alimfokea mwenzake, "Wacha ushenzi wewe!" Mwenzake hakukawia kumjibu, "Mshenzi ni wewe na watu wa kwenu!" Niliwatoa nje wote wawili, nikawapa adhabu ya kufyeka nyasi, nikarudi kwenye somo langu la usawiri wa wahusika.

Jioni mmoja wao alikuja kuniona katika chumba cha walimu. "Mwalimu, kosa nimelikubali," alisema, "lakini nimetazama kamusi. Imeandikwa kwamba mshenzi ni mtu asiyestaarabika. Sasa ustaarabu ni nini, na ni nani aliyeamua kwamba watu wa kwetu hawana?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa nimefundisha matumizi ya lugha kwa miaka kadhaa, nikiwaagiza watahiniwa waandike kwamba mwandishi "ametumia lugha ya matusi", kisha tukapita. Sikuwahi kulitazama tusi lenyewe kama kitu chenye historia. Makala haya yananuia kulijibu swali la mwanafunzi yule. Aidha, yanakusudia kumwonyesha mwalimu na mtahiniwa kwamba tusi moja, likichunguzwa barabara, linaweza kutufichulia tabaka, dini, rangi na mamlaka katika kazi ya fasihi.

Neno na Jamaa Zake

Neno mshenzi liko katika ngeli ya A-WA: mshenzi, washenzi. Kutokana na shina -shenzi tunapata ushenzi, yaani hali au tabia. Kishenzi, yaani kwa namna ya mshenzi. Na mashenzi, ambapo kiambishi ma- huongeza dharau kwa kumkuza mtu kupita kiasi. Humu nchini Kenya tunalo pia umbo lisilo na kiambishi, shenzi, ambalo hutamkwa kama kihisishi cha ghadhabu. Tunayo hata ile ndoa ya Kiswahili na Kiingereza, shenzi taipu, inayoelekezwa kwa mtu au kitu kisichofaa lolote. Tutaona baadaye kwamba kiambishi kile hakikupotea bure.

Leo maana iliyozagaa ni ya tabia. Mshenzi ni mtu asiye na adabu, mkorofi, mchafu wa maneno au vitendo. Mtu wa Lamu anaweza kumwita hivyo mtu wa Lamu, na ndugu akamwita ndugu. Lakini kamusi za zamani zinatuonyesha maana nyingine. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyotokana na juhudi za kusanifisha Kiswahili, inaeleza kwamba watu wa pwani walilitumia neno hili kwa dharau kuwarejelea watu waliotoka bara. Hapo hatuzungumzii mtu mwenye tabia mbaya. Tunazungumzia mtu aliyezaliwa mahali fulani. Hata awe mpole kama kondoo, alikuwa mshenzi kwa sababu ya alikotoka.

Hili ndilo jambo la kwanza la kumkumbusha mwanafunzi: tusi hili lilianza kama anwani kabla ya kuwa hukumu ya tabia.

Asili: Kutoka Zanj

Wataalamu wengi hulihusisha shina -shenzi na jina Zanj, ambalo Waarabu walilitumia kwa watu weusi wa pwani ya Afrika Mashariki, na Zangi la Kiajemi. Jina la Zanzibar lina asili hiyo hiyo, maana yake ikiwa pwani ya Wazanji. Msafiri na mwanahistoria Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, aliizuru pwani hii na kuandika kuhusu nchi ya Zanj, biashara yake ya pembe za ndovu na wafalme wake. Kabla yake, Al-Jahiz wa Basra, mwandishi mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya tisa, alikuwa ameandika risala ya kutetea fahari ya watu weusi, Wazanji wakiwemo. Mtu haandiki utetezi mahali ambapo hakuna dharau. Na kati ya mwaka 869 na 883, watumwa waliotumikishwa katika mabwawa ya chumvi ya kusini mwa Iraki waliasi dhidi ya utawala wa Waabbasi. Historia inauita mwasi huo uasi wa Wazanji.

Maelezo haya ya asili ni nadharia ya kiisimu, na mtahiniwa ayatumie hivyo. Mabadiliko kutoka sauti nj hadi nz si ya ajabu, lakini z ya mwanzo kugeuka sh kunahitaji maelezo zaidi. Hata hivyo, nadharia yenyewe ina kejeli ya kihistoria inayofaa kuzingatiwa. Ikiwa ni kweli, basi jina ambalo wageni kutoka ng'ambo ya bahari waliwaita watu wa pwani ndilo ambalo watu wa pwani, baada ya karne nyingi, walilisukuma mbele kwa jirani zao wa bara. Yaani aliyeitwa alijivua jina akamvika mwingine.

Tabia hii si ya Waafrika peke yao. Wayunani wa kale waliwaita barbaros wale wasiozungumza Kiyunani, kwa kuwa lugha zao zilisikika kama mabwabwajo. Neno la Kiingereza villain, ambalo leo ni mhusika mwovu, lilitokana na jina la mkulima wa kijijini aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Kila mahali, mwenye mji humtukana mwenye shamba, na mwenye kalamu humwandika asiye nayo.

Mshenzi na Mwungwana

Huwezi kulielewa neno mshenzi bila kinyume chake, mwungwana. Katika miji ya pwani kama vile Lamu, Mombasa, Pangani na Bagamoyo, mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba inayojulikana, Mwislamu, anayesema Kiswahili fasaha, mwenye kuvaa kanzu na kofia, na aghalabu mwenye uhusiano na nyumba ya mawe. Mtumwa hakuwa mwungwana. Mtu wa bara naye aliwekwa mbali zaidi, nje kabisa ya mji na nje ya dini.

Katika karne ya 19 mizani hii ilianza kutikisika. Sayyid Said alihamishia makao ya utawala wake kutoka Oman hadi Unguja, na nguvu ya Waomani ikaongezeka katika mwambao. Wanahistoria, miongoni mwao Randall Pouwels, wameonyesha kwamba wakati huo neno uungwana lilianza kupisha neno jingine, ustaarabu. Chunguza umbo la neno hili: limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya au kuwa Mwarabu. Kwa hivyo, anayesema kwamba mshenzi ni mtu asiyestaarabika, kwa asili ya maneno, anasema kwamba mshenzi ni mtu ambaye hajawa kama Mwarabu. Hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu linapopata jibu la kwanza. Aliyeamua kwamba watu wa kwao hawana ustaarabu ni yule aliyeishika mizani wakati huo.

Hata hivyo, mipaka hii haikuwa ukuta. Jonathon Glassman, katika utafiti wake kuhusu pwani ya Mrima uliochapishwa mwaka 1995, anaeleza jinsi watumwa, wapagazi na wageni kutoka bara walivyopigania kuingia katika uungwana. Walisilimu, wakavaa nguo za pwani, wakaingia katika vyama vya ngoma, wakashiriki karamu na mashindano ya mji. Wenye mji waliwacheka na kuwaita washenzi, nao wakazidi kubisha hodi. Tusi basi lilikuwa silaha ya kulinda mlango.

Kichekesho ni kwamba mlango huo ulihama. Misafara ya pembe iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji na kuvuka mpaka Manyema ilibeba watu wa asili mbalimbali, wengi wao wakiwa watumwa au wazawa wa bara. Walipofika mbali na pwani, walijiita waungwana na kuwaita washenzi wale waliowakuta huko. Jina lao halikupotea: Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana kutokana nao. Mtu aliyekuwa mshenzi Bagamoyo alikuwa mwungwana Manyema. Hakubadilika yeye, lililobadilika ni mahali aliposimama na mtu aliyekuwa mbele yake.

Katika maandishi ya nathari ya awali ya Kiswahili, neno hili halina hata ukali. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina Tippu Tip, katika simulizi ya maisha yake, anawaita washenzi wenyeji wa nchi alizopitia kama mtu anayetaja mlima au mto. Mtahiniwa anayesoma maandishi kama hayo asikimbilie kuandika kwamba "mwandishi anatukana". Dharau ya kutisha zaidi ni ile ambayo msemaji haihisi kuwa dharau.

Mkoloni Alirithi Tusi

Wapo wanafunzi, na hata walimu, wanaodai kwamba neno shenzi lililetwa na Mzungu. Dai hili si sahihi. Mzungu alilikuta. Alichofanya ni kulirithi na kulitumia kwa wote.

Tazama kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alikuwa msomi wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, na mchango wake ndio uti wa mgongo wa kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903. Kwa vipimo vya pwani, alikuwa mwungwana: mwenye dini, lugha na elimu. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani, lakini waliposafiri kuelekea nyumbani mwaka 1905, watawala wa Kijerumani hawakuwaruhusu washuke pamoja katika koloni. Iliwabidi warudi Ujerumani, na Mtoro akafia huko mwaka 1927. Mbele ya mizani mpya ya rangi, kanzu na nasaba havikuwa na uzito tena.

Humu Kenya, walowezi walikuwa na Kiswahili chao kilichoitwa Kisetla. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha mpishi, dobi na mfanyakazi wa shamba, nacho hakikujali upatanisho wa ngeli. Hapa ndipo umbo shenzi, lisilo na kiambishi, linapooana na mazingira yake. Katika usemi wa walowezi neno likawa kivumishi cha kuvisha chochote: mbwa asiye na asili aliitwa shenzi, kibanda kibovu kikaitwa shenzi, na mtu naye akaitwa shenzi. Angalia kilichotokea kisarufi. Kiambishi m- cha ngeli ya watu kiliondoka, na mtu akawekwa katika neno moja na mbwa na kibanda. Sarufi ilitenda kile ambacho sheria ilikuwa ikitenda.

Masalio ya matumizi haya yangali nasi. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilipotoa filamu The Lion King, mmoja wa fisi wanaoishi nje ya mipaka ya ufalme wa simba alipewa jina Shenzi. Watoto wetu hucheka wanapolisikia. Lakini mgawanyo ni ule ule wa kale: ndani ya mji wamo waungwana, nje wamo washenzi.

Ndugu Zake Tusi Hili

Mshenzi hayuko peke yake. Mjinga, ambaye leo ni mtu asiye na akili, katika pwani ya karne ya 19 alikuwa pia mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha na mila za mji, tofauti na mzalia aliyezaliwa huko huko pwani. Mshamba ni mtu wa shamba aliyegeuzwa kuwa kichekesho mjini. Na majirani wa Mombasa waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, hadi wao wenyewe walipojichagulia jina Mijikenda, miji tisa, lililoenea kuanzia miaka ya 1940. Mfano huu wa mwisho una funzo kubwa. Watu walioitwa kwa jina la pori walijibu kwa jina lenye neno mji ndani yake. Hawakubishana na tusi; walilivua na kuvaa jingine.

Nafasi ya Tusi katika Uhakiki

Je, haya yote yanamsaidiaje mtahiniwa anayekabiliana na swali la dondoo? Tuseme, kwa mfano wa kubuni, amepewa maneno haya: "Ondoka mlangoni pangu, mshenzi wewe!" Majibu mengi niliyosahihisha yangesema kwamba hii ni lugha ya matusi inayoonyesha hasira ya msemaji. Jibu hilo si kosa, ila ni jembamba. Mtahiniwa ajiulize maswali matatu.

Kwanza, nani anamwambia nani? Akiwa mwungwana wa pwani anayemfukuza mgeni wa bara, tusi ni la tabaka na asili. Akiwa mlowezi anayemfukuza kibarua, tusi ni la rangi. Wakiwa majirani wa mtaa mmoja mjini leo, tusi ni la tabia.

Pili, kisa kinatokea lini? Kazi kama vile Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, inayohusu mapambano ya wafanyakazi wa shamba la mzungu, au Mzalendo Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, zinatutaka tusikilize jinsi mwenye mamlaka anavyomwita asiye na mamlaka. Jina huja kwanza, kiboko hufuata.

Tatu, mwandishi anakubaliana na tusi au analipindua? Hili ndilo swali linalotenga jibu la wastani na jibu bora. Shaaban Robert, kwa mfano, katika Utubora Mkulima, anamsawiri mtu anayeacha kazi ya mjini akarudi kijijini kulima. Kwa vipimo vya mjini huyo ni mshamba. Kwa vipimo vya mwandishi, yeye ndiye kielelezo cha utu. Shaaban Robert hatumii mizani ya uungwana wa nasaba wala ya ustaarabu wa kuiga. Anatumia mizani ya utu, ambayo haiulizi mtu alizaliwa wapi.

Mwalimu mwenzangu anaweza pia kuwarejesha wanafunzi kwenye Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, katika Wakolosai 3:11, ambapo maneno Mshenzi na mwungwana yote yamo katika aya moja, na mtume Paulo anayataja ili kufuta tofauti zake. Ni mfano mzuri wa neno la dharau linalotumiwa dhidi ya dharau yenyewe.

Hitimisho

Baada ya mazungumzo yale na mwanafunzi wangu, nilikwenda nyumbani likizo nikamuuliza babu yangu kuhusu neno hili. Sasa ni marehemu. Katika ujana wake alikuwa mpishi katika shamba la mlowezi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi sikujua Kiswahili nilipokwenda huko. Neno la kwanza nililolijifunza ni hilo. Nilidhani ni jina langu, kwa sababu ndilo nililoitwa nalo asubuhi mpaka jioni."

Sikucheka, ingawa yeye alicheka. Nilikumbuka kwamba ninafundisha lugha ile ile, kwa mshahara, na kwamba nimelisikia tusi lile darasani mara nyingi nikaliadhibu bila kulieleza. Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili leo ni wajukuu wa wale walioitwa hivyo. Hatuna sababu ya kuionea lugha haya kwa ajili hiyo, wala hatuna sababu ya kujifanya kwamba neno halina makovu. Lugha ni yetu pamoja na historia yake yote.

Muhula uliofuata nilimwita mwanafunzi yule nikamweleza niliyoyaandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo mwalimu, mwungwana ni nani?" Safari hii nilikuwa na jibu, na halikutoka kwenye utafiti wangu bali kwenye methali ambayo kila mtahiniwa anaijua: ada ya mja hunena, mwungwana ni vitendo. Wahenga walioitunga waliishi katika jamii iliyohesabu nasaba, lakini katika methali hii waliiweka nasaba kando. Waliupima uungwana kwa kile mtu anachotenda. Tukiupima hivyo, basi hata mshenzi hupatikana kwa vitendo vyake tu, na hapo neno litakuwa limeachana kabisa na ramani.

Maswali ya Mazoezi

1. Eleza, kwa kutoa mifano, jinsi maana ya neno mshenzi ilivyobadilika kutoka kurejelea asili ya mtu hadi kurejelea tabia. (alama 6)

2. "Tusi humweleza zaidi anayelitoa kuliko anayetupiwa." Jadili kauli hii ukirejelea wahusika wawili katika tamthilia au riwaya uliyosoma. (alama 20)

3. Tofautisha uungwana, ustaarabu na utu, kisha uonyeshe ni kipimo kipi mwandishi wa kitabu chochote ulichosoma anakipendelea. (alama 10)